Datsun 620 ya mwaka 1975: niishushe kwanza au nimalize chesisi na bodi?

Gereji_ya_Nyuma aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina pikapu aina ya Datsun 620 ya mwaka 1975 ambayo ililala miaka mingi juu ya matofali, na sasa nimeiingiza katika karakana ndogo niliyoitenga nyumbani kwa nia ya kuifufua yote, kuanzia chesisi hadi rangi, na hatimaye kuishusha ili ikae chini kuliko ilivyotoka kiwandani. Injini inazunguka na gia zinaingia, kwa hiyo hayo nimeyaweka kando. Ninachouliza hapa kinahusu chesisi, bodi na springi.

Sakafu ya kabini upande wa dereva imetoboka kiasi kwamba ukikaa ndani unaiona sakafu ya karakana. Vizingiti vya milango vinaonekana vizima kwa nje, lakini nikivigonga kwa mpini wa bisibisi vinatoa sauti ya karatasi badala ya sauti ya bati. Reli za chesisi zina kutu ya juu juu tu, kwa jinsi ninavyoona, ingawa bado sijazisugua. Springi za nyuma zimelala, shokapu zote zimevuja, na breki za dramu hazijafunguliwa tangu gari liegeshwe.

Vifaa nilivyonavyo ni mashine ya kuchomelea ya waya na gesi, grinda mbili, kompresa, jeki ya magurudumu na stendi nne. Sakafu ni ya saruji. Tayari nimepata bloki za kushushia za milimita 75 kwa ajili ya nyuma, yaani vipande vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, pamoja na yubolti ndefu (bolti zenye umbo la U) zinazoendana nazo. Nimechungulia chini na kuthibitisha kwamba ekseli ya nyuma imekaa juu ya springi, si chini yake, hivyo bloki zitafanya kazi iliyokusudiwa.

Jamaa yangu mmoja anashikilia kwamba nishushe gari kwanza, nione linavyokaa, ndipo nianze kukata mabati. Mimi ninahofia kufanya kazi ile ile mara mbili. Naomba kujua mpangilio upi ni sahihi, kama kulegeza tosheni-baa za mbele (fito zinazofanya kazi ya springi) kunatosha kulishusha gari kwa usalama, na kama nitalazimika kuikata chesisi juu ya ekseli ili bloki hizo zipate nafasi.

Timazi alijibu:

Salaam mkuu. Jamaa yako amepatia nusu na wewe umepatia nusu, na ndiyo maana hamkubaliani. Uamuzi wa kukata chesisi au kutoikata lazima ufanyike mapema, kwa sababu kazi hiyo hufanywa chesisi ikiwa tupu, kabla ya rangi, mabomba ya breki na tangi. Lakini urefu wa mwisho wa gari hauwezi kupangwa mpaka kila kilo imerudi mahali pake. Springi huonyesha uzito ulio juu yake. Ukishaondoa kabini, kasha la mizigo na tangi, gari litanyanyuka, na chochote utakachokipima wakati huo kitakudanganya.

Kwa hiyo anza kupima leo, kabla hujafungua nati hata moja. Lirudishe gari kwenye magurudumu yake, jaza upepo sawasawa, kisha pima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi, pembe zote nne. Usipime kutoka sakafuni, maana tairi zikibadilika namba zote hizo zinakuwa hazina maana. Halafu lala chini ya nyuma na upime nafasi iliyopo kati ya ekseli na mpira wa kuzuia kugonga, kila upande. Namba hiyo ndiyo itakayojibu swali lako la tatu. Bloki ya milimita 75 inakula milimita 75 za nafasi hiyo, haina huruma. Ikiwa ulikuwa na 110, unabaki na 35, na kwa springi za pikapu hiyo 35 humalizwa na shimo moja la barabarani. Wapo wanaosuluhisha jambo hili kwa kung'oa mpira. Kwa njia hiyo ekseli inagonga chuma kwa chuma, na baada ya muda ufa huanzia hapo hapo.

Baada ya vipimo ndipo ubomoe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Usikate kizingiti cha mlango wakati kabini haijashikiliwa. Vizingiti hivyo ndivyo vinavyozuia kabini isijikunje katikati. Ukivitoa, nguzo ya mbele na ya nyuma hukaribiana au kuachana kwa milimita chache bila wewe kuona, na utagundua siku ya kurudisha mlango, utakapogonga kitasa na usifunge. Funga milango kwanza, rekebisha bawaba mpaka mianya iwe sawa pande zote, kisha chomelea vipande vya bomba la mraba kutoka nguzo hadi nguzo ndani ya uwazi wa mlango, kimoja juu, kimoja chini na kimoja cha mshazari. Baada ya hapo kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Kata mpaka ufike kwenye bati jeupe linaloshika moto wa kuchomelea bila kutoboka, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa mara mbili ya ulivyotarajia.

Chesisi ikishakuwa tupu, iweke juu ya stendi nne na uisawazishe kwa pima maji. Ning'iniza timazi kwenye matundu ya kiwandani yaliyo kulia na kushoto, weka alama ya chaki sakafuni chini ya kila ncha, kisha iondoe chesisi na upime mishazari ya alama hizo kwa utepe. Mishazari miwili inayopaswa kulingana ikitofautiana kwa milimita tatu au nne, endelea na kazi. Ikitofautiana kwa kumi na tano, gari hilo liliwahi kugongwa, na hakuna bloki itakayolifanya likae vizuri.

PinioniMoja alijibu:

Naongezea kuhusu mbele, kwa kuwa mwenzangu amejikita nyuma.

Pikapu za 620 zina tosheni-baa mbele, yaani fito za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kujipinda, na kila ufito unakamatwa upande wa nyuma na mkono wenye bolti ya kurekebishia. Ukiilegeza bolti hiyo gari linashuka. Watu husema kwamba kulegeza kunalainisha springi, si kweli. Ugumu wa ufito unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chake, na hayo hayabadiliki kwa kuzungusha bolti. Kinachobadilika ni mahali ambapo mkono wa gurudumu unakaa gari likiwa limetulia, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoukaribia mpira wake wa kugongea. Hisia ya ugumu unayoipata baada ya kushusha sana ni mpira huo unaogongwa kila mara.

Kabla ya kulegeza, nyanyua mbele mpaka magurudumu yaning'inie, weka stendi chini ya chesisi, na uhesabu nyuzi za bolti zinazoonekana juu ya nati, upande kwa upande, uziandike. Ukizitoa fito kabisa kwa ajili ya kusafisha, tia alama ya kulia na kushoto pamoja na mstari wa rangi unaovuka ufito na mkono wake. Fito za pande mbili hazibadilishani nafasi, kwa sababu kila mmoja umeshazoea kupindishwa kuelekea upande wake. Usiukwaruze mwili wake kwa grinda wala koleo, maana mkwaruzo mmoja wa kina ni mwanzo wa kukatika.

Kwa matumizi ya kawaida mimi singezidi milimita 40 hadi 50 mbele kwa kulegeza tu. Zaidi ya hapo magurudumu yanaegemea ndani kupita kiasi, tairi zinalika upande mmoja, na fito za usukani zinakuwa na pembe isiyolingana na mikono ya magurudumu, kiasi kwamba gari linajigeuza lenyewe kila linapopita kwenye tuta. Baada ya kushusha ni lazima alaimenti ipimwe upya na taa za mbele zielekezwe upya. Shokapu nazo ziwe fupi. Ile ya urefu wa kiwandani hufika mwisho wa mwendo wake na kujivunja kwa ndani.

Kuhusu propela shafti, usiwe na hofu ya mapema. Bloki bapa inaisogeza ekseli juu bila kuizungusha, hivyo pinioni (gia ya ekseli inayozungushwa na propela shafti) na mkia wa gia boksi hubaki sambamba kama vilivyokuwa, na pembe za krosi mbili, yaani viungo vya ncha za shafti hiyo, zinaendelea kufutana. Tatizo huanza pale bloki inapokuwa na mteremko upande mmoja au springi inapokunjwa upya vibaya. Pima pembe hizo mbili kwa kipimo cha digrii. Tofauti ikizidi digrii moja hivi, weka kabari ya chuma kati ya bloki na springi.

Jambo la mwisho: ikiwa gari lako lina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa ufito, irekebishe baada ya kushusha. Valvu hiyo hupima ukaribu wa ekseli na chesisi, na gari lililoshushwa linaonekana kwake kama limebeba mzigo, hivyo inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma na magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema, hasa barabara ikiwa na maji.

C10_Bluu alijibu:

Ninakubaliana na waliotangulia, nina tahadhari moja tu. Utasoma maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, kwa kuwa hizo ndizo zinazoshushwa sana, na nyingi kati yake zina springi za koili hata nyuma, juu ya mikono mirefu inayotoka katikati ya chesisi. Kwenye gari la namna hiyo ekseli inajizungusha kidogo na pia inasogea pembeni unapoishusha, kwa sababu kuna ufito wa mlalo unaoishikilia. Kwako hayo hayapo. Usinunue kifaa kwa sababu tu mtu wa C10 amekisifu.

Lakini kosa moja linatuhusu sote, nalo ni kutumia moto. Niliwahi kuletewa gari ambalo springi zake zilipashwa joto mpaka zikawa nyekundu ili zilale. Zililala kweli, na ziliendelea kulala kila wiki, mpaka upande mmoja ukagusa tairi. Chuma cha springi kikishapoteza ugumu aliokipa mtengenezaji hakirudi.

Kipimo cha mwisho cha ushushaji kiangalie kwenye rimu. Jimbo la California, ambako mtindo huu ulikua, lilipitisha mwaka 1957 sheria iliyokataza sehemu yoyote ya gari lililorekebishwa kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Sheria hiyo iliwasumbua sana wenye magari yaliyoshushwa, na imekwisha kufutwa, lakini wazo lake ni la kifundi: tairi ikipasuka, kinachogusa lami kiwe rimu, si bomba la breki wala mkono wa usukani.

Gereji_ya_Nyuma aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimepima kama mlivyoelekeza. Nafasi kati ya ekseli na mpira ni milimita 102 kulia na 96 kushoto, gari likiwa limekamilika na tangi likiwa na mafuta kidogo. Kwa hesabu hiyo bloki za 75 zinaniachia 27 na 21, jambo ambalo halifai.

Aidha, baada ya kusugua chesisi kwa brashi ya waya nimeona mstari mwembamba, kama unywele, unaotoka kwenye ribiti ya juu ya mkono unaoshika springi ya nyuma kushoto. Mwanzoni nilidhani ni mkwaruzo wa brashi, lakini nilipoupaka mafuta mepesi na kuufuta, baada ya dakika chache mafuta yalichuruzika tena kutoka humo. Je, niuchomelee tu, na je, nikate nusu duara juu ya ekseli au nitafute bloki za 50?

Mchomeleaji alijibu:

Kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo wenzangu wamelipita. Umesema springi zimelala. Basi namba zako ni za springi zilizochoka, na pengine tofauti ya milimita sita kati ya kulia na kushoto inatoka hapo, au kwenye huo ufa. Ukizikunja upya au ukipata nyingine, gari litanyanyuka, nafasi itaongezeka, na bloki za 75 zitashusha gari kutoka kwenye urefu huo mpya, si kutoka kwenye huu ulioupima. Amua kuhusu springi kwanza. Ukizibakiza hizi, bloki za 50 zinakutosha, kwa kuwa gari lilishajishusha lenyewe kwa miaka yote hiyo. Ila mimi singezibakiza, kwa sababu springi iliyochoka huendelea kuchoka, na haichoki kwa usawa.

Ufa usiuchomelee juu juu. Toboa tundu dogo la milimita tatu kwenye ncha ya ufa, hapo hapo unapoishia, ili usiendelee kutambaa. Ncha ya kweli mara nyingi iko mbele kidogo ya ile unayoiona. Kisha fungua ufa kwa grinda uwe na umbo la mfereji, uchomelee hadi upenye, sawazisha, na uweke bamba la kuimarisha ambalo ncha zake zimekatwa kwa mshazari. Bamba lenye ncha iliyonyooka likikatiza reli kwa wima huhamishia ufa pembeni yake tu.

Ukiamua kukata nusu duara, fanya hivi. Chesisi iegemee stendi karibu na sehemu zinazobebwa na springi, si kwenye ncha, ili isipinde unapoidhoofisha. Chomelea kwanza mhimili wa muda unaounganisha reli mbili. Andaa kipande cha nusu duara kikiwa kamili kabla hujakata, kiwe na unene usiopungua ule wa reli na kipite ukingo wa kata pande zote, kisha kata reli moja, uichomelee hadi mwisho, ndipo uguse ya pili. Chomelea vipande vya sentimita mbili au tatu ukiruka kutoka upande hadi upande, na uache chuma kipoe chenyewe. Maji hayahusiki hapa. Kwenye bati la sakafu ya kabini ruka zaidi, nukta moja moja, la sivyo litajikunja kama papi lililoachwa juani.

Tangi la mafuta litoke nje ya karakana kabla ya cheche ya kwanza. Tangi lisilo na mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kilichobaki ndani ni mvuke. Toa pia betri.

Na bloki zenyewe zikaguliwe: ziwe na msumari upande mmoja na tundu upande wa pili, ili zikamatane na bolti ya katikati ya springi na kitako cha ekseli. Usipange bloki mbili, moja juu ya nyingine. Yubolti ziwe mpya, zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake, kisha zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, kwa maana rangi iliyo kati ya vyuma husagika na kuacha ulegevu.

Gereji_ya_Nyuma aliandika, miezi kadhaa baadaye:

Ninarudi na taarifa. Ufa umekwisha kushughulikiwa. Ncha yake ilikuwa mbele ya nilipoiona kwa karibu milimita nane, kama mlivyotahadharisha. Springi zimekunjwa upya, nafasi juu ya ekseli ikafika milimita 128 kila upande, nami nikaamua kutumia bloki za 50 bila kukata chesisi. Breki zote ni mpya na kabini imerudi. Milango ilifunga mara ya kwanza, jambo lililonifanya niifunge na kuifungua mara kumi bila sababu.

Jana nimelishusha kutoka kwenye stendi na kupima. Mbele kushoto kuko juu kuliko kulia kwa milimita 14, ingawa nyuzi za bolti za tosheni-baa zinalingana kabisa. Nimekosea wapi?

Timazi alijibu:

Inawezekana hujakosea popote. Gari linaposhuka kutoka kwenye stendi, tairi za mbele zinataka kutanuka kuelekea nje lakini saruji inazishika, na gari linabaki limening'inia kwa uongo. Lisukume mbele na nyuma kwa urefu wa gari zima mara mbili, likandamize kwenye bampa, ndipo upime. Hakikisha upepo unalingana na pima maji inakubaliana na sakafu yako chini ya magurudumu yote manne.

Tofauti ikibaki, achana na kulinganisha nyuzi. Fito mbili za umri huo hazichoki sawa, na bolti hufuata urefu wa gari, si kinyume chake. Lakini kabla hujazungusha chochote mbele, weka jeki katikati ya ekseli ya nyuma, chini ya difu, unyanyue mpaka magurudumu yaachane kidogo na sakafu, kisha upime mbele tena. Zile 14 zikitoweka, chanzo kiko nyuma, kwenye springi zilizokunjwa upya. Zikibaki, nyanyua mbele, ongeza mzunguko mmoja kulia, shusha, sukuma, pima.